Wanafunzi wangu wanakwama ukurasa wa tatu

BARUA

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi, naishi Uyole, Mbeya. Usimamizi wa mifumo tunaufundisha kwa chaki na ubao: wanafunzi wanaijua seva kwa kuichora, kuigusa bado. Kwa hiyo mwaka jana nilinunua Dell OptiPlex 7050 Micro mbili za mtumba, kila moja ina RAM ya GB 16 na SSD ya GB 256. Nikaongeza swichi ya milango mitano na ruta ya laini ya simu, vyote nikavipanga kwenye kabati la vitabu chumbani. Moja ina Ubuntu Server 24.04, nyingine ina Proxmox yenye mashine pepe nne, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya mashine moja.

Nia yangu ni kuandika kwa Kiswahili kila ninachofanya na kukiweka hadharani, ili kijana wa Tukuyu au Makambako mwenye laptop kuukuu naye ajifunze. Nimeshaandika kurasa kumi na mbili. Wakati wa likizo niliwapa wanafunzi saba wazijaribu kwenye mashine zao. Watano wakakwama ukurasa wa tatu, kwenye amri ya kwanza kabisa ya kuweka programu. Mashine inawajibu `sudo: command not found`, yaani haiijui sudo, amri ya kumpa mtumiaji wa kawaida mamlaka ya msimamizi. Kwangu amri hiyo hiyo inakubali. Wawili walivuka, ila mmoja akaja na aibu yangu mkononi: ukurasa wa tano unasema tumeshafunga kuingia kwa nywila kupitia SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali), na yeye bado anaingia kwa nywila kama kawaida. Nikajaribu kwangu. Na mimi naingia!

Tena nilitaka wanafunzi waingie kwenye seva zangu kutoka makwao. Nikafungua mlango wa 22, ule wa SSH, kwenye ruta, kama ninavyofundisha, na hakuna kilichotokea. Nilipopiga simu huduma kwa wateja niliambiwa nizime ruta na kuiwasha.

La mwisho ni la nyumbani. Baba watoto ana hoja tatu: LUKU inaisha haraka, radi za huku zitaunguza kila kitu, na kuanika ramani ya mtandao wa nyumba yetu ni kuwakaribisha wezi, wa mtandaoni na wa dirishani. Hiyo ya tatu nimekosa jibu. Niendelee au niache?

Ndaga fijo.

Mwalimu wa Uyole

JIBU

Marahaba, mwalimu. Endelea, ila kurasa uziandike upya. Ulizonazo zinaeleza mashine yako jinsi ilivyo leo. Mwanafunzi anataka kurasa zitakazomtoa kwenye diski tupu hadi mashine yake yeye. Wale watano na yule mmoja wamekwama kwenye pengo hilo hilo.

Watano kwanza. Wewe una Ubuntu. Wao, kwa jibu hilo walilopata, karibu hakika waliweka Debian, ndugu wa Ubuntu katika Linux, pengine kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye flashi ya mwenzao. Kisakinishi cha Debian huuliza nywila ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine. Ukiiacha wazi, mtumiaji wa kwanza anapewa sudo. Ukiijaza, na mwanafunzi mtiifu hujaza kila kisanduku anachoonyeshwa, Debian inaona tayari una root na haiweki sudo kabisa. Dawa ni hii:

`su -`
`apt install sudo`
`usermod -aG sudo jina_lako`

Kisha atoke kabisa na kuingia upya, kwa sababu kundi jipya halishiki mpaka aingie tena. Na hicho kistari baada ya `su` hakipo kwa urembo. Akiandika `su` pekee anakuwa root mwenye njia za mtumiaji wa kawaida, folda ya `/usr/sbin` haimo, na mashine inamjibu `usermod: command not found`. Hapo atadhani Debian yake mbovu, aifute, aanze upya, na bando liishie hapo. Mtego wa namna hii andika pale pale chini ya amri yenyewe, usiusogeze hadi mwisho wa ukurasa.

Kosa lako halikuwa kutoijua Debian. Ukurasa wa tatu haukusema umeandikwa kwa mfumo gani, toleo gani, ukianzia katika hali gani. Mistari minne juu ya ukurasa ingewaokoa wote watano. Mfano:

*Umejaribiwa kwenye: Debian 12, mashine pepe ya VirtualBox, RAM GB 1, diski GB 10.*
*Unaanza ukiwa na: mfumo uliowekwa kwa ukurasa wa 2, mtumiaji mwenye sudo. Hakikisha: andika `sudo whoami`, ujibiwe `root`.*
*Ukimaliza utakuwa na: nginx (seva ya tovuti) inayofungua ukurasa kwenye kivinjari chako.*
*Bando linalotumika: (jaza baada ya kupima).*

Mstari wa pili ndio wenye kazi kubwa. Unamruhusu mwanafunzi agundue kwamba hayuko tayari kabla hajaharibu kitu, na unamwambia arudi ukurasa gani.

Sasa nywila iliyokataa kufungwa. Hapa ulifanya jambo sahihi kwenye faili lisilo na neno la mwisho. Bila shaka ulifungua `/etc/ssh/sshd_config`, ukaandika `PasswordAuthentication no`, ukawasha SSH upya. Lakini karibu na mwanzo wa faili hilo kuna mstari wa `Include` unaosoma kwanza mafaili yote yanayoishia na `.conf` kwenye folda ya `/etc/ssh/sshd_config.d/`. Kwenye Ubuntu Server, ukikubali wakati wa kusakinisha kwamba SSH iruhusu nywila, humo ndani unakuta faili liitwalo `50-cloud-init.conf` lenye mstari mmoja: `PasswordAuthentication yes`. Na OpenSSH, tofauti na programu nyingi, hushika thamani ya kwanza iliyoiona. Inayokuja baadaye haisikilizwi, wala hulalamikiwi. Ndiyo maana hukuona kosa lolote.

Rekebisha hilo faili la 50, au tengeneza jipya linaloanza na `00` na kuishia na `.conf` ili lisomwe kabla yake. Kisha usiamini faili lolote, iulize huduma yenyewe:

`sudo sshd -T | grep -i passwordauth`

Amri hiyo huchapa mipangilio baada ya mafaili yote kusomwa. Ikisema `no`, washa SSH upya, halafu kutoka mashine nyingine lazimisha nywila:

`ssh -o PubkeyAuthentication=no -o PreferredAuthentications=password jina@192.168.50.10`

Jibu unalolitaka ni `Permission denied (publickey)`. Wakati wote huo dirisha lako la kwanza la SSH liache wazi. Ukikosea, huduma ikiwashwa upya haikati waliokwisha kuingia, kwa hiyo unayo njia ya kurudi. Bila hivyo utabeba skrini na kibodi hadi kwenye kabati la vitabu.

Na tafadhali, ukurasa wa tano usiuandike kana kwamba hukuwahi kukosea. Acha amri ya kwanza, sema ilishindwa, sema kwa nini, weka na jinsi ya kupima. Anayefundishwa usimamizi wa seva hafaidiki na orodha ya amri. Za namna hiyo zimejaa kila kona. Anafaidika kumwona mtu akiuliza mashine swali na kusoma jibu. Huyo mwanafunzi aliyekurudia muweke kwenye shukrani za ukurasa, kwa herufi za mwanzo za jina lake na kwa idhini yake. Majina kamili, namba za usajili na logi zenye majina ya wanafunzi visionekane hadharani: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu hata kama huchukui hata senti.

Mambo mengine matatu yatawakwamisha mbele ya safari, uyarekebishe sasa.

Jina la kadi ya mtandao ni la kwanza. Kwenye OptiPlex yako inaitwa `enp0s31f6`. Kwa mwanafunzi mwenye VirtualBox itakuwa `enp0s3`. Kwenye mashine pepe za Proxmox yako ni `ens18`. Kurasa zako zikiandika moja ya hizo kana kwamba ni ya watu wote, au mbaya zaidi zikiandika `eth0` ya vitabu vya zamani, mtandao hautawaka na kosa halitajieleza. Anza na `ip -br link`, mwambie asome jina lake, na ndani ya amri andika `KADI_YAKO`. Herufi kubwa zinaonyesha kwamba hapa unabadilisha. Usiweke mabano ya pembe, maana kuna atakayeyanakili na ganda la Linux litayachukua kama amri ya kusoma faili.

La pili ni mtandao wa VirtualBox. Ukiiacha kwenye NAT (mashine pepe ikijificha nyuma ya laptop), kama inavyokuja, mashine pepe inapata 10.0.2.15, na laptop iliyoibeba haiwezi kuifikia kwa SSH. Mwanafunzi ataona intaneti inafanya kazi ndani ya mashine pepe, kisha ashangae SSH inagoma. Mwelekeze aweke kadi mbili: ya kwanza NAT kwa ajili ya intaneti, ya pili Host-only (kati ya laptop na mashine pepe tu) kwa ajili ya SSH, ambayo kwa kawaida hupata anwani inayoanza na 192.168.56. Bridged (mashine pepe kuungana moja kwa moja na mtandao wa nyumbani) nayo inafaa, lakini kwenye Wi-Fi hukataa mara kwa mara, na wengi wao hawana waya.

La tatu ni lugha. Eleza kwa Kiswahili, ila ujumbe wa kosa uache kama mashine ilivyousema, herufi kwa herufi. Ndiyo maneno mwanafunzi atakayoyatafuta usiku akiwa peke yake. Ukimwandikia "amri haikupatikana", umemnyima kamba ya kushika. Pia uwe na ukurasa mmoja wa istilahi na usiyumbe: ukishasema nywila, usije ukasema nenosiri ukurasa unaofuata, atadhani ni vitu viwili.

Kuhusu bando, kuna kitu kidogo ambacho kwa mazingira yetu kina thamani kuliko nusu ya mafunzo ya vitabuni. Weka `apt-cacher-ng` kwenye mojawapo ya mashine zako. Inasikiliza mlango wa 3142. Mashine ya kwanza ikishusha kifurushi, nakala inabaki hapo, na mashine nyingine zinakichukua kwenye swichi bila kugusa laini ya simu. Kwa kila mashine ya maabara tengeneza faili `/etc/apt/apt.conf.d/00proxy` lenye mstari huu:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.50.10:3142";`

Nukta-mkato ya mwisho ikisahaulika, apt inagoma kabisa. Hazina za vifurushi zinazotumia https hazihifadhiwi, na kwa mpangilio wa kawaida `apt-cacher-ng` huzikataa; ukiziruhusu zipite, zile za programu za nje zitaendelea kula bando. Na mwanafunzi akiichukua hiyo mashine pepe kwenda nayo kwao Rungwe, apt itaganda ikimtafuta 192.168.50.10 asiyekuwapo. Mwambie mapema afute hilo faili. Kwa wale wasio na bando kabisa, mpe DVD ya kwanza ya Debian kwenye flashi. Ile ndogo ya netinst inavutia kwa udogo wake, halafu inashusha vifurushi wakati wa kusakinisha.

Kurasa ukishazirekebisha, zipime kwa kubomoa. Jumamosi moja chukua mashine pepe moja, ifute, uijenge kutoka mwanzo ukifuata maandishi yako tu, bila kuandika amri hata moja kutoka kichwani. Weka `vnstat` mapema ili ujue kila ukurasa umekula megabaiti ngapi, ujaze ule mstari wa bando. Utashangaa idadi ya hatua ulizozifanya usiku fulani ukasahau kuziandika. Baada ya hapo mweke mwanafunzi mmoja kwenye kiti, wewe kaa nyuma yake na ukunje mikono. Usimsaidie. Kila anaposimama zaidi ya dakika mbili, andika namba ya mstari. Zoezi hili ni gumu kwa walimu kuliko wanafunzi.

Sasa mlango wa 22. Hukukosea mpangilio. Ingia kwenye ruta uangalie anwani ya upande wa nje. Ikiwa iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, au inaanza na 10, basi anwani ya kweli ya hadharani iko kwa mtoa huduma, na wateja wengi wanaitumia kwa pamoja. Laini za simu karibu zote ziko hivyo. Unafungua mlango wa chumbani wakati geti la nje funguo si zako, na kuzima ruta na kuiwasha kutakupa tu anwani nyingine ya aina hiyo hiyo.

Nami nakwambia shukuru. Siku SSH yenye kukubali nywila ingefika kwenye intaneti, roboti zingeanza kubahatisha nywila kabla hujamaliza chai. Wanafunzi hawahitaji kuingia nyumbani kwako. Kila mmoja ajenge maabara yake kwenye laptop yake. Mashine pepe ya Debian isiyo na mazingira ya picha inatosheka na GB 1 ya RAM. Ikitokea siku moja unahitaji wewe mwenyewe kuingia ukiwa chuoni, kodi seva ndogo ya mtandaoni, uziunganishe kwa WireGuard (njia iliyofichwa kati ya mashine mbili), upande wa nyumbani ukiwa na `PersistentKeepalive = 25` ili njia isifungwe na mtoa huduma ukikaa kimya. Iishie hapo.

Kwa hiyo maandishi yako hayakai kwenye OptiPlex. Yaandike kwa Markdown (maandishi yenye alama chache za mpangilio) ndani ya hifadhi ya Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko, uyageuze kurasa kwa MkDocs, uyaweke kwenye huduma ya bure ya kurasa tuli kama GitHub Pages au Codeberg Pages. Umeme ukikatika Uyole, mtu wa Njombe bado anasoma. Jina la kikoa la .tz si lazima sasa. Picha zipunguze hadi upana wa pikseli 1280 hivi; amri na majibu yake viweke kama maandishi, usiweke picha ya skrini, kwa kuwa picha haitafutiki wala hainakiliki, na inakula bando. Weka pia `use_directory_urls: false` kwenye `mkdocs.yml` unapotengeneza nakala ya flashi. Bila hiyo, mwanafunzi akibofya kiungo kwenye flashi anaonyeshwa orodha ya mafaili mahali pa ukurasa. Na leseni ya CC BY-SA 4.0 itawaruhusu walimu wengine wachapishe na kurekebisha bila kukupigia simu.

Nije kwa baba watoto, na hoja yake ya tatu. Ana haki nusu. Anwani zinazoanza na 192.168 si siri: ziko kwenye nyumba zisizohesabika na hazifikiki kutoka intaneti. Mchoro wa swichi, mashine mbili na mashine pepe nne haumpi mwizi wa mtandaoni chochote. Kwa anwani za hadharani kwenye mifano, tumia zile zilizotengwa kwa ajili ya maandishi: 192.0.2.0/24, 198.51.100.0/24 na 203.0.113.0/24. Hazina mwenyewe, hazitamgusa mtu. Kwa majina tumia example.com, na kwa mtandao wa ndani `home.arpa`.

Hatari iko kwenye vitu visivyoonekana kama siri. Unataka kuonyesha mpangilio wa mtandao, unanakili `/etc/netplan/50-cloud-init.yaml` mzima, na kama mashine hiyo iko kwenye Wi-Fi, nywila ya Wi-Fi yenu imo humo kwa maandishi ya kawaida. Faili la WireGuard lina ufunguo wa siri kwenye mstari wa `PrivateKey`. Funguo za SSH ziko mbili: yenye `.pub` mwishoni unaweza kuibandika hata ubaoni, nyingine haitoki nje ya mashine. Kila komiti ya Git, yaani kila badiliko ulilohifadhi, inabeba jina na baruapepe yako, hivyo panga `git config user.email` kabla ya komiti ya kwanza. Na ukibandika siri kwa bahati mbaya, kufuta mstari na kufanya komiti mpya hakusaidii. Amri ya `git log -p` inaionyesha bado. Badilisha nywila au ufunguo wenyewe kwanza, dakika hiyo hiyo, ndipo usafishe historia kwa `git filter-repo`. Wengi hufanya kinyume. Wanasafisha nusu siku huku ufunguo unafanya kazi, na roboti zinazopekua hifadhi za hadharani hazisubiri. Weka `gitleaks` ikague kila komiti kabla haijatoka. Inakamata mengi, si yote.

Kwa mwizi wa dirishani, kata picha. Simu huandika mahali picha ilipopigwa ndani ya faili lenyewe; `exiftool -all= picha.jpg` huondoa. Funika namba za serial, na ile karatasi iliyogundishwa chini ya ruta yenye jina la mtandao na nywila yake. Piga kwa karibu, kabati likijaza fremu yote, bila dirisha, pazia wala geti. "Maabara ya nyumbani, Mbeya" inatosha kama anwani; Uyole waijue wanafunzi wako. Usitangaze kifaa kipya wiki uliyokinunua, wala safari ya Pasaka.

Na mtandao wa chuo usiingie kwenye kurasa hizi kabisa, si ramani, si majina ya mashine. Usiwafundishe wanafunzi kuupekua mtandao wowote ambao si wao: kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na mwanafunzi mwenye hamu ya kujaribu hasomi sheria mpaka aitwe.

LUKU ni hesabu tu. OptiPlex Micro ikiwa imetulia hula wati kumi na kitu. Tuseme 15 kila moja, na swichi pamoja na ruta wati 10. Jumla 40. Zikiwaka saa 24 kwa siku 30 ni uniti 28.8. Kama nyumba yenu inatumia uniti 55 kwa mwezi, sasa mmefika karibu 84, na hapo baba watoto ana haki kamili, kwa kuwa wateja wa majumbani wa matumizi madogo wana ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, na ukiuvuka bei ya uniti inaruka. Anaona kitu cha kweli kwenye risiti. Washa maabara kwa muda wa saa nne tu kila jioni, uniti zinashuka hadi 4.8. Hakuna anayetumia huduma zako saa nane usiku. Nunua kipimo cha wati cha kuchomeka kwenye soketi, uandike namba halisi kwenye ukurasa. Wanafunzi wanastahili kujua gharama ya kitu kabla hawajakitamani.

Radi nazo si hofu tupu, kuanzia Novemba hadi Aprili huku kwetu. UPS (kifaa chenye betri ya akiba) ya kawaida inavumilia umeme kupanda na kushuka. Radi ikipiga karibu, haizuii kitu. Wingu likikunja, zima mashine, chomoa kwenye soketi, na uchomoe waya wowote unaotoka nje, hasa wa antena ya paa kama unao. Waya huo husahaulika, na ndio unaopitisha. Kwa umeme wa kukatika-katika, UPS ya VA 650 yenye betri moja ya volti 12, Ah 7, ina Wh 84 kwenye karatasi. Kwa mzigo wako wa wati 40 usitegemee zaidi ya saa moja, na betri ikichakaa, hata nusu saa. Kazi yake ni kuipa mashine muda wa kujizima vizuri. Kabla ya kulipa, geuza UPS uangalie nyuma kama ina mlango wa USB wa data. Nyingi za bei ndogo hazina, na bila huo programu ya NUT, inayoisikiliza UPS na kuzima mashine, haiwezi kujua kwamba umeme umekatika. Kwenye BIOS ya Dell, sehemu ya AC Recovery, chagua Power Off, maana umeme unaporudi mara nyingi hukatika tena ndani ya dakika chache, na mashine inayowaka na kuzimwa mara tatu mfululizo ndiyo inayopoteza mafaili.

Vumbi la Agosti hadi Oktoba: fungua mashine kila miezi mitatu, shika feni kwa kidole isizunguke, ndipo upulize. Kabati la vitabu liache mlango wazi. Baridi ya Julai yenyewe haidhuru.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Andika upya ukurasa wa 3 ukiwa na ile mistari minne juu, na njia mbili zilizotenganishwa, ya Debian na ya Ubuntu. Wapelekee wale watano tu. Wawili waliovuka usiwape, wameshajua jibu.